Siku Nilipomzuia Kontesi

Siku niliyopanda farasi mara ya mwisho naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, Mwanangu, na shangazi yako, mke wangu, asinisikie nikisema hivyo. Harusi nimeisahau nusu. Nakumbuka viatu vilivyonibana na padri aliyechelewa. Lakini ile Jumatatu ya Pasaka, hapa hapa Likasi, katika miaka ya tisini wakati kila kitu kilikuwa kinaanguka, naweza kukusimulia tangu asubuhi mpaka jioni.

Nakusimulia kwa sababu ya jambo ulilosema jana ukicheka. Ulisema mwenye lori anakaa kwake Lubumbashi anakunywa bia baridi, na wewe, dereva wake, unakula vumbi barabarani, kisha mwisho wa mwezi yeye anachukua karibu yote na kukuachia kidogo. Ukasema unawajua watu wa kando ya barabara wanaonunua mazuti, dizeli ya lori, kutoka kwenye tangi, lita chache tu, na hakuna atakayejua. Mimi nilinyamaza, ukadhani mzee amesinzia. Sikusinzia. Maneno hayo, karibu kama ulivyoyasema wewe, niliambiwa mimi nikiwa na miaka ishirini na miwili, na niliyakubali.

Nyinyi vijana mkisikia kwamba Likasi palikuwa na mashindano ya farasi mnadhani tunawatania. Yalikuwepo. Wazungu walikuwa na klabu yao upande wa barabara ya Buluo, na mazizi ya matofali mazuri kuliko nyumba tuliyokulia. Baada ya uporaji, askari na watu walipovunja maduka na nyumba, wengi wao waliondoka mbio, wengine na sanduku moja mkononi, na farasi haingii kwenye ndege. Wanyama walibaki zizini wakilia njaa. Baadhi waliachiwa watu waliokuwa wakiwatunza, wengine wakauzwa kwa wafanyabiashara wa mjini kwa bei ya mbuzi. Ndipo mashindano yakaanza upya, safari hii yakiwa yetu wenyewe, na mji uliokuwa umekosa kazi ukapata mahali pa kwenda Jumapili.

Mzee Ramazani alinunua watatu. Familia yake ilitoka Maniema zamani, ila yeye alizaliwa hapa. Alikuwa na duka la chumvi, sabuni na vitambaa, na malori mawili yaliyokuwa yakienda mpaka Kolwezi. Mtu wa sala tano na kanzu safi. Uwanjani alikaa kwenye kiti chake chini ya mwavuli mweusi, chupa ya chai miguuni, haongei na mtu. Wenye farasi wengine walicheza kamari. Mtu aliweza kushindwa mbio na bado akarudi nyumbani anacheka, kwa sababu alikuwa ameweka pesa kwa farasi wa jirani. Yeye hakuweka hata likuta moja, sarafu yetu ndogo kabisa. Dini yake ilimkataza. Kitu alichoweza kupata kwa farasi wake ni zawadi ya ushindi, basi.

Aliyewafundisha farasi hao alikuwa Papa Donatien, Muluba mmoja mwembamba aliyeanza kazi katika klabu ile akiwa kijana. Aliongea na farasi Kiluba asubuhi na Kifaransa jioni. Alisema jioni wamechoka, wanahitaji heshima. Yeye ndiye aliyeniona kwenye bomba la maji, Shituru, mtaani kwetu, nikibeba ndoo mbili. Nilikuwa mfupi, mwepesi, shuleni walinicheka hadi nikachukia kioo. Akanisimamisha.

"Weye, unapima kilo ngapi?"

"Sijue, Papa."

"Kuya tukuone ku mizani."

Nilipima hamsini kasoro. Alipiga makofi kama mtu aliyeokota kitu njiani. Kwa miezi mitano alinifundisha kukaa juu ya farasi, kuanguka bila kufa, na kushika hatamu kama unavyomshika mkono mgonjwa anayeshuka ngazi. Kisha akanipa Kontesi.

Kontesi alikuwa farasi jike, mwekundu kama udongo wetu, na alama nyeupe usoni. Jina alipewa na daktari mzungu aliyemwacha. Sitakudanganya kwamba alinipenda. Alimpenda Papa Donatien. Mimi alinikubali tu, lakini akishakukubali, ulikuwa unahisi chini yako kitu ambacho siwezi kukifananisha. Hukuhitaji fimbo. Ulimwachia kidogo tu, naye akaenda.

Nikueleze sasa watu walivyopata riziki pale, maana hapo ndipo nilipopotea. Zawadi haikuwa pesa. Pesa ya siku zile uliipokea Jumapili ikiwa na maana, Jumatano unafungia karanga. Kwa hiyo kila mwenye farasi alileta unga wa mahindi kama kiingilio, na kamati ikaongeza kutoka kwa watazamaji, waliolipa kwa sabuni, kwa chumvi, kwa chochote. Farasi wa kwanza alipata magunia kumi. Desturi ilikuwa hivi: manane ya mwenye farasi, moja la mwalimu wake, moja la aliyempanda. Ukishindwa, mpandaji alipewa beseni la unga na mche wa sabuni kwa kazi ya kupanda, na mwalimu akarudi mikono mitupu.

Niliposhinda mara ya kwanza nilisukuma gunia langu kwa baiskeli mpaka nyumbani, watoto wa mtaa wote nyuma yangu. Mama alilia. Baba alikuwa fundi kiwandani, lakini kazi ilikuwa imesimama na mshahara ulikuwa haujaonekana kwa miezi. Kila asubuhi alivaa nguo zake za kazi, zimepigwa pasi, akakaa mlangoni akingoja kuitwa. Siku ile aliinuka, akalipapasa gunia, akasema, "Mutoto amekuwa mukubwa." Nilijiona mfalme.

Ushindi wa pili nilifurahi. Wa tatu, nikaanza kutazama mkokoteni wa Mzee Ramazani ukiondoka na magunia manane, na mimi na langu moja. Ni mimi niliyeanguka wakati mmoja nikavunjika mfupa wa bega. Ni mimi niliyekuwa nalala na njaa siku mbili kabla ya mbio ili nisizidi uzito. Yeye anakaa na kunywa chai. Kwamba ni yeye aliyemleta muungaji wa mifupa mpaka nyumbani kwetu na kumlipa, hilo, Mwanangu, halikuingia kichwani. Nilikuwa nimeanza kuona upande mmoja tu.

Mtu aliyeona upande mmoja huonekana kwa mbali. Polydore aliniona. Alikuwa mtu wa Lubumbashi mwenye miwani myeusi, aliyekuwa akimtumikia mwenye farasi mwingine. Wiki moja kabla ya Pasaka alinikuta namwogesha Kontesi, akasimama kando, akavuta sigara yake taratibu.

"Weye njo unaangukaka," aliniambia. "Weye njo unavunjikaka. Yeye anakalaka mu kivuli. Ile magunia kumi, banakupatia ngapi? Moja! Unaona ni muzuri?"

Niliendelea kummwagia Kontesi maji mgongoni.

"Siku ya Pasaka umushikilie tu kidogo. Usimuangushe. Umushikilie. Nitakuletea magunia tatu ku nyumba. Nani atajua?"

Nilisema nitafikiri. Uongo. Nilikuwa nimeshakubali kabla hajamaliza sigara. Na ninachoshangaa mpaka leo ni jinsi nilivyolala vizuri wiki ile. Hakuna kitu kilichonisumbua. Nilijiambia simwibii mtu. Ni sehemu yangu tu naichukua kwa mlango mwingine.

Siku yenyewe watu walijaa kama kwenye misa ya Krismasi. Papa Donatien aliniinua kwenye tandiko kama kawaida, lakini hakuniachia mguu mara moja. Aliushika kidogo, akataka kusema neno, akalimeza. Kisha akasema tu, "Umuachilie, mwana. Leo umuachilie."

Tulianza farasi saba. Nusu ya mzunguko Kontesi alikuwa wa tatu, anapumua bila shida, akingoja. Tulipoingia kona ya mwisho alitaka kwenda. Nilimhisi akijikusanya chini yangu. Nami nikavuta.

Hakuelewa. Alitikisa kichwa, akadhani nimekosea, akajaribu tena. Nikavuta tena, kwa nguvu, huku mgongo nimeukunja na kiwiko nakirusha mbele na nyuma ili watu waone kama ninamhimiza. Sikio lake moja liligeuka nyuma, kwangu. Farasi akitaka kukuuliza kitu, anakuuliza kwa sikio. Aliniuliza mpaka mstari wa mwisho. Farasi wa bwana wa Polydore alitupita, akawapita na wale wawili waliokuwa mbele yetu, akashinda. Tukawa wa nne, na wa nne hapati hata gunia moja.

Nilipomvua tandiko, Papa Donatien alimfungua mdomo. Kulikuwa na damu pale chuma cha hatamu kilipomkaa. Akaitazama ile damu, akaitazama mikono yangu, halafu akachukua kitambaa na kuanza kumfuta jasho.

"Enda kupumzika, mwana," alisema. Basi.

Mzee Ramazani alikunja mwavuli wake, akatikisa kichwa mbele ya watu waliomzunguka, akasema, wote wakimsikia: "Amechoka. Kontesi amekwisha." Nami nikasimama pale, na beseni langu la unga na mche wa sabuni, nikakubali kwa kichwa kama vile na mimi naona hivyo.

Polydore alitimiza ahadi. Hilo ndilo jambo jingine la kushangaza. Nimesikia visa vingi vya namna hii ambamo mdanganyifu naye hudanganywa. Mimi sikudanganywa. Jua halijazama, mkokoteni ulisimama mlangoni kwetu na magunia matatu, unga mweupe, safi, hauna hata mdudu mmoja. Mama aliuliza, nikasema ni zawadi ya sikukuu kutoka kwa tajiri fulani aliyependa nilivyopanda. Aliinua mikono akamshukuru Bikira Maria.

Kesho yake, Jumanne, mama alienda sokoni na beseni la unga ule kutafuta kitoweo. Alirudi anang'aa.

"Leo tunakula nyama," alisema. "Kuko nyama mingi ku soko, bei chini kabisa. Bantu banasimama mulolongo."

Hatukuwa tumekula nyama tangu Noeli. Aliipika na nyanya na kitunguu, akasonga bukari kubwa, ugali wetu wa mahindi. Baba alivua ile nguo yake ya kazi ili asiichafue. Wadogo zangu walipigania mfupa. Ilikuwa nyama nyekundu sana, tamu kidogo, ngumu kidogo. Nilikula sahani mbili. Nakuambia haya yote kwa sababu nataka ujue kwamba nilishiba na nilifurahi.

Saa nane nikachukua kipande cha muwa, nikaenda zizini. Nilitaka kumpa Kontesi, nipatane naye. Mbio zijazo nitamwachia, nilisema moyoni. Mimi na yeye tutawaonyesha.

Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Majani yalikuwa yamefagiliwa. Papa Donatien alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na ile kamba ya kichwani ya Kontesi magotini, anaisugua mafuta, polepole, kama siku zote.

"Iko wapi?" nikauliza.

"Balimupeleka."

"Wapi, Papa?"

Aliendelea kusugua. "Ku bale ba nyama. Asubui. Ile nyama banauzisha ku soko leo, Silivani, njo yeye."

Ni zaidi ya miaka ishirini sasa, Mwanangu. Nakumbuka muwa ulianguka. Nakumbuka nilitoka nje, na kila nilichokula kikatoka, na baada ya kutoka chote bado mwili uliendelea kukitoa. Nilikuwa napiga kelele. Watu waliokuwa wakichota maji walikuja mbio wakidhani nimeumwa na nyoka. Papa Donatien aliwaambia waondoke. Aliniletea maji kwenye kopo, akangoja ninawe uso, ninywe, na nitulie kidogo.

Ndipo akaniambia, "Minye iko na macho, mwana. Jana nilikuona."

Nilimwambia yote. Polydore, magunia matatu, sahani mbili. Hakunipiga. Aliniuliza tu swali ambalo lilipaswa kuwa langu tangu mwanzo: nilijua yale magunia manane ya Mzee Ramazani yalikuwa yakienda wapi?

Sikujua. Sikuwahi kuuliza. Akanieleza, na kila alichosema nilikuwa nimekiona kwa macho yangu bila kukifikiria. Farasi hula siku anayoshinda na siku asiyoshinda. Watatu walikuwa wakila pumba na mahindi kila siku, na wawili kati yao hawakuwahi kushinda hata beseni. Kulikuwa na watu wawili wa kuchota maji na kusafisha, nao walilipwa kwa unga. Kiingilio cha mbio zilizofuata kilitoka humo humo. Misumari ya kwato na dawa vilitoka Lubumbashi kwa kubadilishana na unga. Kabla ya mwezi kwisha magunia manane yalikuwa yamekwisha, na kilichopungua kilitoka dukani. Na duka lenyewe lilikuwa limebaki rafu tupu, maana lori moja lilikufa injini na la pili lilikwama Kolwezi bila magurudumu.

"Sasa yeye anapata nini?" nikauliza.

"Mwenye farasi anapataka siku farasi yake inakuwa na jina," alisema. "Kuko muntu wa Kolwezi. Alimuambia Mzee: Kontesi akishinda ku Pasaka, nitamununua, azale batoto. Bei muzuri. Angekaa mu majani mpaka kufa. Akishindwa, alisema, simutake. Farasi ya kushindwa, bei yake ni ya nyama tu."

"Na weye, Papa? Gunia yako?"

"Nusu alikuwa anakula Kontesi, wakati pumba inakosa. Uulize muke yangu. Anajua, alinigombeza sana."

Nilikasirika hapo, Mwanangu, maana mtu mwenye hatia hutafuta haraka wa kugawana naye. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Kwa nini walinyamaza wote wawili, na maisha ya mnyama yako mikononi mwangu.

Papa Donatien aliiweka ile kamba chini. Nilidhani atanifokea, lakini uso wake ulilegea, akaonekana mzee ghafla.

"Nilitaka kukuambia nikishika muguu yako," alisema. "Nikaogopa. Nikasema, mutoto akijua, atapanda na woga, atakosea. Pale nilikosa. Nilikufundisha bintu yote ya farasi, sikukufundisha bintu ya bantu. Lakini weye, mwana, kama unaona gunia moja ni kidogo, minye nilikuwa hapa kila siku. Mudomo yako ilikuwa wapi?"

Mdomo wangu ulikuwa wapi? Hilo ndilo karipio nililobaki nalo.

Nilirudi nyumbani nikataka kuyatupa yale magunia. Nilimwambia mama ukweli wote, baba akisikia. Mama alikaa chini, akaziba mdomo kwa kitenge chake. Nilipoinuka kulivuta gunia nje, alinishika mkono.

"Unataka kutupa unga? Angalia hawa batoto. Bamekosa nini?"

Tuliula. Sitakudanganya kwamba tuliugawa kwa maskini. Maskini walikuwa sisi. Tuliula mpaka ukaisha, na kila siku nilikaa mbele ya bukari nikaona ninachokula.

Asubuhi ya Jumatano nilienda dukani kwa Mzee Ramazani. Alikuwa peke yake, anapima chumvi kwenye karatasi. Niliogopa kiasi kwamba hata sikumsalimu.

"Mzee, Kontesi hakushindwa. Minye nilimushikilia."

Aliweka kijiko chini. "Sema tena."

Nikasema tena, na jina la Polydore, na unga. Nilingoja aniite mwizi, aite askari, anitupie jiwe la mizani. Hakufanya hata moja. Aliuliza tu, "Alikuwa na nguvu?"

"Ndiyo, Mzee. Angeshinda."

Alishika ukingo wa meza. Macho yake yalijaa maji, mtu mzima yule, na kanzu yake safi.

"Asubui ile nilimushika uso," alisema. "Nikamuambia: umechoka, mama, umenitumikia, unisamehe. Neno yangu ya mwisho kwake, na ilikuwa uongo. Hakuwa amechoka."

Mimi nililia. Yeye alifuta macho kwa mkono wa kanzu, akauliza kama nyumbani watoto walikuwa wanakula ule unga. Nikasema ndiyo. Akasema basi, wale. Lakini akataka jambo moja. Mbele ya mji mzima alikuwa amesema Kontesi amekwisha. Sasa mimi niende mbele ya mji huo huo niseme hapana.

"Farasi hana mudomo," alisema. "Weye uko nao."

Jumapili ya mashindano yaliyofuata nilipanda juu ya jukwaa la mizani, pale wapandaji wanapopimwa, nikasema. Nilisema Kontesi hakuchoka, ni mimi niliyemzuia, na Polydore ndiye aliyenilipa. Kwanza watu hawakuamini. Kisha kelele zikaanza, maana wengi walikuwa wamepoteza vyao siku ile ya Pasaka. Mtu alinirushia ganda la muwa, mwingine akanitemea mate. Kamati ikaniondoa palepale: sitapanda tena. Polydore alivua miwani, akacheka, akasema hanijui. Bwana wake akasema yeye hajasikia lolote. Hawakufanywa kitu. Waliendelea kuja na farasi wao na kuondoka na magunia yao mpaka mashindano yenyewe yalipokufa. Usidhani, Mwanangu, kwamba ukisema kweli kila mtu atapata anachostahili. Mimi nilipata changu, basi.

Baba alikuwa katika umati. Tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma. Tulipofika mlangoni aligeuka. "Umesema. Ni muzuri umesema," aliniambia. "Lakini leo nimeona haya mbele ya bantu." Akaingia ndani.

Kwa mwaka mzima nilifanya kazi zizini bila gunia, nikichota maji kwa ajili ya wale farasi wawili waliobaki, mpaka walipochukuliwa kwenda Lubumbashi. Papa Donatien alikuwa akiniambia la kufanya na zaidi ya hapo haongei. Siku ya mwisho ndipo aliponipa mkono. Mzee Ramazani, lori lake moja lilipopona, aliniita kupakia mizigo. Sikuamini. Nilimwuliza kwa nini mimi. Akasema, "Weye siku moja ulikuya kuniambia kitu nilikuwa sijue. Bengine bananiibia na kucheka." Siku hiyo hiyo, kabla sijagusa mzigo, nilimwuliza nitalipwa kiasi gani na kwa nini kiasi hicho. Alinieleza mpaka nikaelewa. Tulibishana kidogo, akaniongezea.

Sasa nikuambie ninachotaka ushike. Mwenye lori wako simjui. Huenda ni mtu mbaya kweli, anayekunyonya na kulala. Wako wengi, wala sikuambii uinamishe kichwa mbele yao. Ninachokuambia ni kwamba hujui, kama mimi nilivyokuwa sijui. Umeona anachokipokea, hujaona kinachomtoka. Nenda ukamwulize kwa mdomo wako: magurudumu yanakula kiasi gani, ushuru wa barabarani kiasi gani, kinabaki nini, na kwa nini langu ni hili. Akikujibu na ukaona ni haki, fanya kazi kwa moyo mmoja. Ukiona si haki, mwambie usoni akuongezee. Akikataa, mrudishie ufunguo wake mchana watu wakiona, na uondoke. Lakini kitu ulichokabidhiwa usikiuze kwa pembeni, hata lita moja, hata kama sehemu yako kweli ni ndogo. Ukichukua haki yako kwa mlango wa nyuma, hujui nani atakayelipa. Mimi nilidhani ninamchukulia tajiri. Aliyelipa hakuwa na gunia wala mdomo.

Na siku utakapokuwa na lori lako, kwa sababu naamini utakuwa nalo, usimfiche dereva wako. Mwambie mambo yalivyo, mazuri na mabaya, hata kama unaona itamtia woga. Papa Donatien alikuwa mtu mwema kuliko wote niliowajua, na kunyamaza kwake kulimuuma mpaka anakufa.

Haya, inuka, usije ukachelewa kupakia. Mungu wa baba zako akuweke wima. Akupe mdomo usioogopa kuuliza na sikio lisiloogopa jibu. Njia ya kwenda ikupokee, njia ya kurudi ikulete salama, na chakula chochote utakachokula safarini, ukila kwa amani, ujue kilipotoka.